Ukuta Uliozibwa Pumzi

Jumatatu, Machi 3

Mvua ya kwanza imenyesha leo katika kipindi cha pili. Wenzangu walishangilia, maana joto lilikuwa limetuchosha. Mimi nilishika ukingo wa dawati kwa mikono miwili mpaka mvua ikakatika. Jirani yangu akaniuliza, "Bubu, unaendesha basi?" Darasa zima likaangua kicheko. Nikacheka na mimi, kidogo, ili yaishe.

Bubu ndilo jina langu shuleni. Si kwamba sina maneno. Ninayo, ila yanapofika mdomoni watu huwa wameshahamia habari nyingine. Mwalimu wa lugha ndiye aliyenishauri niandike shajara msimu huu. Alisema mwenye mdomo mzito aupe mkono kazi.

Basi, mkono, kazi yako ya kwanza ni hii: andika kwamba naogopa mvua.

Jumatano, Machi 5

Nyumba yetu iko chini ya kilima. Miaka mitatu iliyopita, msimu kama huu, kilima kiliteremka. Asubuhi tulikuwa na majirani upande wa juu wa barabara, jioni tulikuwa na tope. Baba alikuwa miongoni mwa waliochimba kwa mikono. Alimtoa mama mmoja na mtoto wake, akarudi kumfuata bibi yao, na kilima kikateremka mara ya pili. Mdogo wangu, ambaye sote tunamwita Kifaranga, alikuwa bado ananyonya.

Baadaye ukajengwa ukuta wa mawe na zege, mrefu kuliko nyumba zetu, kushikilia udongo usije tena. Ng'ambo ya barabara, ukitazamana na ukuta, ndipo ilipo chekechea anayosoma Kifaranga.

Mama ni mchoraji. Amezoea kuchora vibao vya maduka na vichwa vya watu kwenye milango ya vinyozi. Mwaka jana kamati ya mtaa ilimpa ukuta mzima achore kumbukumbu ya siku ile. Alianza kiangazi na sasa amebakiza kidogo. Amechora watu, toka mwanzo wa ukuta mpaka mwisho, wamezama mapajani, kila mmoja amemshika mwenzake kifundo cha mkono. Nyuma yao kilima, kijani kibichi, kizuri hata nikakasirika. Nilimuuliza kwa nini amekipamba hivyo muuaji yule.

"Kwa sababu ni kizuri," akasema. "Kingekuwa kibaya tungekuwa tumeshahama."

Baba yuko katikati, safu ya chini, tope limemfika kifuani, mkono mmoja ameuinua juu.

Jumamosi, Machi 8

Nimemsaidia Mama kutwa. Kazi yangu ni uzi. Kabla hajachora mstari mrefu tunachovya uzi kwenye unga wa buluu, mimi nashika ncha moja na yeye ncha nyingine, tunauvuta mpaka ulie, kisha anaubana katikati kwa vidole viwili na kuuachia. Pa! Mstari umenyooka ukutani kuliko rula yoyote. Leo ulikuwa mstari wa chini ya miguu ya watu. Uzi ulilala ukutani wote, mwanzo hadi mwisho, kama unywele kwenye paji la uso.

Fundi alikuja kusogeza jukwaa la mbao analosimamia Mama. Ndiye aliyeujenga ukuta huu, na tangu Mama aanze kuuchora hakosi sababu ya kupita. Sisi wagumba wa maneno tunaona mambo. Fundi gani anapiga pasi shati la kuchanganyia zege?

"Profesa," akaniambia, maana hajawahi kunikuta bila kitabu, "humo ndani wameandika lini mama yako atakula chakula cha mchana na watu?"

Nikafungua ukurasa mwingine. Simpendi. Ana kicheko cha mtu anayetaka kununua kitu.

Jumapili, Machi 9

Mvua usiku kucha. Bati linapiga. Nimelala na viatu.

Jumatano, Machi 12

Ukuta una matundu ya kutolea maji, mabomba mafupi yaliyojengewa humo kwa safu mbili, juu na chini. Kiangazi yalikuwa makavu na Mama aliyachukulia kama mashimo tu. Akapanga michoro iyafiche: tundu hili likawa kifungo cha koti, lile likawa jicho la mbuzi. Moja liliangukia katikati ya kiganja cha Baba, ule mkono alioinua.

Sasa yanatiririka. Maji yana kutu na udongo, na kila tundu limechora michirizi ya rangi ya chai. La kwenye kiganja cha Baba linashuka mkononi, linapita shavuni, linaishia kidevuni. Watu wanaotoka kazini wamesimama jioni kutazama. Mzee mmoja akavua kofia. "Marehemu analia," akasema.

Mama alikuwa juu ya jukwaa. Nilimwona mgongo tu, lakini nilijua analia.

Aliposhuka alimwendea Fundi moja kwa moja. "Unaweza kuyaziba?"

"Matundu?" Fundi akajikuna kisogo. "Dada Msanii, haya yana kazi yake."

"Kazi gani? Kumchafua mtu usoni?"

"Hapana, ni kwamba ukuta nao, yaani, unahitaji..." Akamtazama Mama. Mama alikuwa na rangi ya kijani kwenye nyusi na macho mekundu. Sijawahi kumwona mtu mzima akishindwa na sentensi namna ile. Nilidhani mimi peke yangu ndiye hushindwa. "Ya chini tu," akasema mwishowe. "Ya juu tuyaache."

"Ya chini yanatosha. Ndiko waliko watu."

"Basi kesho yameisha. Ukinipikia chai."

Jumatatu, Machi 17

Ameyaziba kwa zege na kulainisha juu yake. Mama amepaka rangi. Kiganja cha Baba kimekuwa kiganja, chenye mistari yake yote, hata kovu alilokatwa na kopo la maziwa. Uso wake ni mkavu.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja na mwavuli na kitambi chake. Akakagua kama anayenunua ng'ombe, akasema, "Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hongereni sana kwa kuziba." Mama akacheka, kicheko kile cha zamani. Nilifurahi. Naandika ukweli, nilifurahi kama wengine.

Alhamisi, Machi 20

Mvua. Hesabu za nyumbani. Mvua.

Jumamosi, Machi 22

Mwandishi wa gazeti alikuja, kijana mwenye miwani na koti lisilomfaa msimu. Alimuuliza Mama dhamira ya kazi yake. Je, anataka kuonyesha ustahimilivu wa binadamu mbele ya nguvu za maumbile?

Mama akafuta brashi kwenye kanga. "Nataka kuonyesha kwamba walikuwa wamechoka," akasema.

"Yaani uchovu kama ishara ya..."

"Uchovu kama uchovu, mwanangu. Tazama huyu wa pili anavyosimama. Mguu mmoja umekwisha kazi. Lakini mkono haujaachia. Nimemchora mara nne mpaka ule mguu ukakubali."

Mwandishi akaandika. Mimi nikaenda kumtazama yule wa pili kama sijawahi kumwona, na kweli, mguu umekwisha kazi. Nimeishi na Mama miaka kumi na sita, na leo ndiyo mara ya kwanza nimejua anachokifanya siku nzima akiwa amenipa mgongo.

Jumanne, Machi 25

Mwalimu wa fizikia alileta kopo la rangi lililotobolewa matundu matatu, la juu, la kati na la chini. Akalijaza maji. La juu likadondosha karibu na kopo, la chini likarusha mbali mpaka likamlowesha aliyekaa mbele. Kina kikizidi, msukumo huzidi. Wote waliandika.

Mimi nilikuwa nimesimama. Sikumbuki nilivyosimama.

"Bubu anataka kusema!" mtu akapiga kelele. "Nyamazeni, historia inaandikwa!"

"Mwalimu," nikasema, "na ya chini yakizibwa?"

"Maji yatafika kwenye ya juu."

"Na kama ya juu hayatoshi? Na kama maji yanazidi kuja?"

Mwalimu akanitazama vizuri. "Basi yatasukuma. Maji hayana haraka na hayachoki. Yatatafuta sehemu dhaifu. Kwa nini unauliza?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa na urefu wa ukuta mzima. Nikasema, "Basi tu," nikakaa.

Jumamosi, Machi 29

Rangi imefanya malengelenge. Yalianza madogo kwenye tope la mchoro, sasa yamepanda mpaka viunoni mwa watu. Mama anasema ni rangi mbovu. Alikwenda kugombana na muuza rangi mpaka akarudi na debe jipya la bure. Anayakwangua, anapaka upya, siku ya pili yamerudi.

Alipokwenda kuosha brashi nilitoboa moja kwa ukucha. Maji ya kahawia yakanitiririkia mpaka kwenye kiwiko. Yalikuwa ya baridi, na yalinuka udongo wa siku ile. Harufu ile nilikuwa nimeisahau. Nilitapika nyuma ya chekechea, Kifaranga akawa ananipigapiga mgongoni na kuniambia, "Pole, dada. Umekula nini?"

Jumapili, Machi 30

Haijakatika tangu alfajiri. Mama anapiga mluzi jikoni. Mimi nasikiliza kilima.

Alhamisi, Aprili 3

Mvua ilipumzika mchana. Mama alikuwa amekwenda sokoni. Nilichukua uzi, nikamkuta Fundi anafunga kamba za jukwaa, nikamwambia, "Nishikie ncha hii."

"Oho! Profesa kaongea na maskini leo. Ngoja niweke alama kwenye kalenda."

"Weka pale pale kwenye mstari wa chini ya miguu. Vuta."

Akavuta. Mwezi uliopita uzi ule ulilala ukutani wote. Leo ulikataa. Katikati ukuta uliusukuma nje, na ili nami niufikishe ukutani upande wangu ilinibidi niuzungushe juu ya uvimbe, kama mkanda kwenye tumbo la aliyeshiba. Tumbo lilikuwa pale pale chini ya Baba. Nilipiga hatua kando nikatazama ukuta kwa jicho moja, kwa urefu wake. Watu wote wa Mama walikuwa wamejongea mbele kidogo, wanakuja barabarani.

Fundi aliacha kucheka. Nilidhani ataniambia sijui kitu. Akauachia uzi, ukaanguka matopeni.

"Ulijua," nikasema.

"Kuta zote huota tumbo kidogo. Kama wanaume wakishaoa."

"Fundi, ulijua tangu siku ile."

Akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limo humo. "Nilijua. Nikasema, msimu mmoja tu, kiangazi nitayafungua taratibu, hatajua. Sikuweza kumnyima, Profesa. Angeniomba nizibe mto, ningekwenda kutafuta saruji." Akavaa kofia. "Usimwambie. Nitamwambia mimi. Nipe siku mbili."

Nimempa. Sijui kwa nini nimempa. Labda kwa sababu naye alikuwa anaogopa, na sijawahi kuwa na mwenzangu katika jambo hilo.

Ijumaa, Aprili 4

Hajamwambia.

Jumamosi, Aprili 5

Alikuja. Akanywa chai vikombe viwili, akasifu sukari, akaondoka.

Jumapili, Aprili 6

Nimemwambia mimi.

Tulikuwa tunakula. Kifaranga alikuwa ameshalala. Nilikuwa nimeyaandika maneno kwanza na kuyakariri, na nilipofungua mdomo yakatoka mengine.

"Mama, matundu yafunguliwe."

"Matundu gani?"

"Yote. Ukuta umevimba. Malengelenge si rangi mbovu, ni maji. Nimepima kwa uzi. Mwalimu wa fizikia..."

"Unajua lile la katikati liko wapi?"

"Najua."

"Sema liko wapi."

"Kwenye mkono wa Baba."

Aliweka kijiko chini polepole sana, kama kitu kinachoweza kupasuka. "Niliutafuta mkono ule miaka mitatu," akasema. "Kila nilipofumba macho nilimwona uso, miguu, hata soksi. Mkono haukuja. Mwezi uliopita ukaja. Sasa unataka nishike tindo niutoboe, kwa sababu ya kopo la mwalimu wako?"

"Mama, watoto wa chekechea..."

"Nenda kalale."

Nilikwenda. Kupitia ukuta wa chumba nilimsikia anaosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha mchana. Nimemwogopa, naandika hili kwa aibu. Si kama mtoto anavyomwogopa mama. Nimemwogopa kama ninavyoogopa mvua.

Jumatatu, Aprili 7

Fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo mbele ya ukuta nilipopita kwenda shule, na alikuwa pale pale niliporudi. Hakunitania. Mama hajaenda kazini. Anasema kichwa.

Jumanne, Aprili 8

Lazima niandike leo leo.

Alfajiri mvua ilikuja kwa nguvu ambayo hata wenzangu hawakuishangilia. Darasani ilibidi mwalimu aandike ubaoni, hasikiki. Nilivumilia kipindi cha kwanza. Nikavumilia cha pili. Katika cha tatu niliona chekechea akilini, watoto wamekaa kwenye mikeka na migongo yao imeelekea dirishani, nikainuka nikatoka. Mwalimu aliita. Jirani yangu aliita. Sijawahi kutoka darasani bila ruhusa maishani mwangu, hata siku niliyotokwa na damu puani.

Nilikimbia. Njiani nilianguka mara moja na sikusikia maumivu mpaka jioni.

Ukuta ulikuwa umefunguka. Ufa ulipita kwenye kilima cha Mama, chini ya kijani, na maji ya kahawia yalikuwa yanatoka humo kama shuka linaloanikwa. Barabara mbele yake ilikuwa imeinuka kidogo, kama zulia lililosukumwa na mguu. Na ng'ambo, ndani ya chekechea, watoto walikuwa wanaimba.

Mwalimu wa chekechea ni mama mnene, mtulivu, anayeongea na watu wazima kwa sauti ile ile ya watoto. "Karibu, mwanangu. Umelowa hivyo, unataka nini?"

Nilifungua mdomo. Hakuna kitu. Ulimi ulinigandia kama siku zote. Nikamwona Kifaranga mstari wa mbele, ananipungia mkono kwa furaha kwamba dada yake amekuja, apate kumwonyesha kwa wenzake.

"Watoe watoto!" Sauti haikuwa yangu. Wimbo ukakatika. "Wote! Mlango wa nyuma! Ukuta unakuja!"

"Nani amekutuma?"

"Sijatumwa na mtu! Tazama!"

Akatazama dirishani. Wakati ule ule bamba la rangi lenye ukubwa wa meza lilibanduka na kuanguka barabarani, kichwa na mabega ya mtu yakavunjika vipande. Mwalimu hakupiga kelele. Aligeuka na kupiga makofi. "Haya! Leo tunacheza treni! Kila mtu ashike shati la mwenzake, na asiyeachia ndiye dereva kesho!" Wakatoka kwa mlango wa nyuma, mashati yamevutana, wengine wanapuliza honi. Kifaranga peke yake alikuwa analia. Alikuwa ameacha kiatu kimoja. Nilimwinua kama gunia, akinipiga mateke na kudai kiatu chake, nikamkabidhi mwalimu, nikarudi.

Sijui kwa nini nilirudi. Kitu kilikuwa kinagonga, nikafuata sauti.

Alikuwa Fundi, na mtarimbo na nyundo kubwa, ameanzia mwisho wa ukuta. Alikuwa amefungua tundu moja na maji yalikuwa yanaruka humo mpaka katikati ya barabara. La pili lilikuwa linamshinda. Shati lake la pasi lilikuwa limemgandia mgongoni.

"Nimeliziba vizuri mno, Profesa," akanipigia kelele. "Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na ni hii!" Nadhani alikuwa analia, lakini kwa mvua ile huwezi kumshitaki mtu.

Mwenyekiti alikuwa mbali, kwenye kona, mwavuli umegeuka nje. "Tokeni hapo! Mtakufa! Nawaamuru!"

"Katikati," nikamwambia Fundi. "Tumbo liko katikati."

"Najua liliko." Hakuinua macho. "Pale sigusi. Si mimi wa kupagusa."

Ndipo nikamwona Mama. Alikuwa amesimama nyuma yetu, kanga kichwani, hana viatu. Sijui alikuwa pale tangu lini. Hakunitazama mimi wala Fundi. Alimtazama Baba, na Baba alikuwa amesogea mbele kuliko wote.

Akachukua nyundo ndogo na tindo kwenye mfuko wa Fundi. Akaenda mpaka kwenye mkono ule ulioinuliwa. Aliweka tindo kwenye kiganja, na tindo ikawa inacheza, inagonga ukuta yenyewe, tk tk tk, kwa kutetemeka kwake.

"Mwanangu," akasema, "nishikie."

Nilishika tindo kwa mikono miwili. Nilifumba macho. "Fumbua," akasema, "ukifumba utasogea." Nikafumbua. Alipiga. Rangi ikaruka, ile mistari yote, lile kovu. Akapiga tena. Kila pigo nilisubiri nyundo inivunje vidole, na kila pigo ilitua pale pale. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa. Hajawahi kukosea mstari maisha yake yote.

"Sogeeni," Fundi akasema, akaja na mtarimbo, akausukuma kwa bega. Zege likatoka kama kizibo. Maji yalimpiga Mama kifuani, yakamkalisha chini. Yalitoka na mawe, na mizizi, na udongo mwekundu, yakanguruma. Nilimvuta Mama kwa kwapa. Fundi alikuwa ameshahamia tundu linalofuata, nami nikamfuata na tindo, na Mama akatufuata na nyundo. Mtu alikuja na sululu, halafu mwingine, yule mzee wa kofia, halafu Mwenyekiti mwenyewe bila mwavuli, anatukana matusi nisiyojua kwamba anayajua.

Upande unaotazamana na chekechea hatukuuwahi. Kipande cha mwisho cha ukuta kilianguka. Hakikuwa na kishindo nilichokitarajia. Kilisikika kama mtu mkubwa aliyechoka anayekaa kwenye kiti. Tope likavuka barabara, likafunika bembea, likapanda ngazi za chekechea, likaingia kwa mlango wa mbele, likakaa kwenye mikeka.

Hapakuwa na mtu. Narudia kujiandikia ili niamini. Hapakuwa na mtu ndani.

Jumatano, Aprili 9

Tumelala ukumbi wa shule na mtaa mzima. Kila mtu anakoroma kwa sauti yake. Mama hajalala. Anatazama vidole vyangu, kimoja kimoja.

Jumamosi, Aprili 12

Mhandisi alikuja. Ukuta uliobaki umesimama, ila tumbo halirudi ndani. Utabomolewa kiangazi na kujengwa upya. Mpaka mvua ziishe, matundu yatazamwe kila siku, maana udongo unayaziba tena kwa ndani. Wageni wakubwa waliotazamiwa kuja kuuzindua mchoro hawaji.

Mwenyekiti alimuuliza Mama, kwa upole usio wake, kama anataka kamati iombe mchoro unusurike.

"Ubomolewe," Mama akasema.

Fundi alisimama mbele yake jioni, kofia mkononi. "Nilijua na sikusema."

"Niliambiwa na sikusikia," Mama akasema. "Tumefungana."

"Basi..."

"Basi nini? Tumeziba ufa na ukuta tutajenga vile vile. Nenda ukabadilishe shati, utapata homa."

Akaondoka. Nikagundua sikumchukia hata kidogo, nikashangaa chuki ile ilikwenda lini. Ni mtu mwoga. Alikuja peke yake na mtarimbo, akiwa mwoga vile vile.

Jumapili, Aprili 20

Bado inanyesha. Bado naogopa. Nilidhani nikiisha kupiga kelele mara moja woga ungeondoka, lakini upo, umekaa mahali pake pa kila siku. Kazi ya kuzibua matundu tumegawana. Asubuhi ni mimi na Mama, jioni ni Fundi. Tuna nondo ndefu iliyokunjwa ncha. Unaingiza, unazungusha, unavuta udongo, maji yanakuja.

Jumapili, Aprili 27

Mama hapaki rangi. Lakini nimemwona akisimama mbele ya michirizi ya kutu, ameinamisha kichwa, kidole kinafuata jinsi maji yalivyoshuka. Nilimuuliza anatazama nini. "Yanapopita," akasema. "Safari ijayo nitaanza na yanapopita, watu nitawaweka baadaye."

Jumapili, Mei 4

Mvua kubwa usiku. Alfajiri tulikwenda na nondo. Matundu yote yalikuwa yanatoa maji isipokuwa moja, la mwisho kabla ya sehemu iliyoanguka, kwenye sketi ya mwanamke ambaye hata Mama hamjui, alimbuni tu. Lilikuwa kavu. Nikaingiza nondo, ikagonga kitu laini, ikarudi tupu. Nikaingiza tena. Hakuna. Juu ya tundu lile ufa mpya ulikuwa unatoa jasho.

"Tumwite Fundi," Mama akasema.

Niliweka nondo chini, nikakunja mkono wa sweta, nikaingiza mkono wangu. Bomba lilikuwa la baridi. Kiwiko kikapita. Vidole vikakuta udongo na kitu kama mzizi, na nyuma yake nikausikia uzito, kilima chote kimeegemea kwenye ncha za vidole vyangu.

"Toa mkono," Mama akasema. "Mwanangu, utoe."

"Bado."

Nilichimba kwa kucha. Mzizi ukakatika. Maji yalikuja taratibu, yakazunguka kifundo cha mkono, yakajaza mkono wa sweta, yakaanza kudondoka barabarani. Mama alinishika kiuno kwa mikono yake miwili, akakaza, akasema niendelee.